Mashindano ya Stempu ya Bata ya Vijana: Maswali Ambayo Wazazi Huniuliza Kila Mwaka

Shule zikifunguliwa tu baada ya Krismasi, simu yangu hujaa jumbe za sauti. Nafundisha watoto kuchora siku za Jumamosi hapa Ohio, wengi wao wakiwa wa familia zetu za Waswahili: Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania. Wazazi huona karatasi ya Kiingereza kwenye begi la mtoto, imeandikwa Junior Duck Stamp, na wanaiweka kando kwa kudhani ni tangazo la biashara. Si biashara. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi, na majibu yangu.

Mwalimu, haya ni mashindano gani hasa?

Ni mashindano ya kuchora kwa wanafunzi wa Marekani, kuanzia chekechea hadi darasa la 12. Mtoto anachora bata, bata bukini au bata maji (kwa Kiingereza swan) wa Amerika Kaskazini akiwa hai, kwenye mazingira yake. Kila jimbo linachagua mchoro mmoja ulio bora kuliko yote, na michoro hiyo inakutana kwenye mashindano ya taifa, kwa kawaida mwezi Aprili. Mchoro unaoshinda unachapishwa kuwa stempu, na stempu hiyo inauzwa nchi nzima kwa dola 5. Wasimamizi ni Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani.

Mpango ulianza kuandaliwa mwaka 1989, mashindano ya kwanza ya taifa yakafanyika 1993, na mwaka 1994 Bunge la Marekani likaupitishia sheria. Kwa hiyo si jambo la shule moja wala la mwalimu mmoja.

Stempu hiyo naweza kubandika kwenye barua?

Hapana. Haitumiki posta, na haimruhusu mtu kuwinda. Anayeinunua anachangia elimu ya uhifadhi na zawadi za watoto. Mimi hununua mbili kila mwaka zinapotoka mwishoni mwa Juni. Moja naibandika kwenye daftari la darasa, nyingine nampa mtoto aliyejitahidi zaidi.

Nimesikia kuna stempu ya wakubwa ya wawindaji. Mtu anayempiga bata risasi anamhifadhi vipi?

Swali hili huulizwa na akina mama zaidi, na nalipenda, kwa sababu hata mimi lilinisumbua nilipofika nchi hii.

Miaka ya 1930 sehemu kubwa ya katikati ya Marekani ilikauka. Vumbi liliruka hadi likafunika jua. Kabla ya hapo wakulima walikuwa wamechimba mifereji kwa miaka mingi wakikausha vinamasi ili walime, na ukame ulipokuja bata hawakuwa na pa kutagia. Idadi yao ikaporomoka. Wawindaji ndio walioona mapema, maana wao ndio waliokuwa wakikaa kwenye matete alfajiri na kurudi mikono mitupu.

Tarehe 16 Machi 1934 Rais Franklin D. Roosevelt alitia saini sheria iliyomtaka kila mwindaji wa bata anunue stempu. Ya kwanza iliuzwa dola 1. Mchoro wake, bata wawili wa aina ya mallard wakitua majini, ulichorwa na Jay Norwood Darling, mchora katuni wa gazeti kutoka Iowa, ambaye wakati huo alikuwa ameteuliwa kuongoza ofisi ya serikali iliyoshughulikia wanyamapori. Leo stempu ya wakubwa ni dola 25, na kila mwindaji wa bata mwenye miaka 16 na zaidi lazima awe nayo. Asiyewinda naye anaruhusiwa kuinunua, na ukiwa nayo unaingia bure kwenye hifadhi za taifa za wanyamapori zinazotoza kiingilio.

Kwa kila dola moja ya stempu ya wakubwa, senti 98 zinakwenda kununua au kukodi ardhi oevu, yaani vinamasi na maeneo kama hayo yenye maji. Tangu 1934 fedha hizo zimelinda zaidi ya ekari milioni 6. Mwaka 2019 wanasayansi walitoa hesabu kwamba Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970: wa mashambani, wa misituni, wa pwani. Bata na jamaa zao walikuwa miongoni mwa wachache walioongezeka. Sisemi kila mtu apende bunduki. Nasema mtoto anayechora bata anaingia kwenye kazi ambayo matunda yake yanaonekana kwa macho.

Ardhi oevu inanihusu nini mimi ninayeishi mjini?

Inahusu maji ya bomba jikoni kwako.

Kaskazini magharibi mwa Ohio palikuwa na kinamasi kikubwa kikiitwa Great Black Swamp. Katika karne ya 19 kilikaushwa kwa mitaro na mabomba ya udongo yaliyozikwa chini ya mashamba, na leo ukipita huko unaona mahindi na soya hadi macho yachoke. Ohio kwa jumla imepoteza kama asilimia 90 ya ardhi oevu iliyokuwa nayo miaka ya 1780. Kinamasi ni chujio. Maji yakipita taratibu kwenye matete na tope, mbolea inabaki nyuma. Chujio likiondoka, mbolea ya mashambani inateremka na Mto Maumee moja kwa moja hadi Ziwa Erie, na ziwa linageuka kijani.

Agosti 2014 watu karibu nusu milioni wa mji wa Toledo, unaotumia maji ya ziwa hilo, na vitongoji vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba, wala wasiyachemshe, kwa sababu ya sumu iliyotokana na huo ukijani. Kuchemsha hakusaidii kwa sumu ile. Sisi tuliokulia kwenye nchi ambako kuchemsha maji ndiyo dawa ya kila kitu tunaelewa uzito wa jambo hilo.

Mtoto akiniuliza kwa nini tunachora bata na si simba, namweleza habari za Toledo. Bata wakitoweka mahali, huenda maji yake tayari yana ugonjwa.

Mwanangu yuko chekechea. Atashindanaje na vijana wa sekondari?

Kwa ngazi ya jimbo hashindani nao moja kwa moja. Kuna makundi manne: chekechea hadi darasa la 3, la 4 hadi 6, la 7 hadi 9, na la 10 hadi 12. Kila kundi lina washindi wake. Wanapofika kutafuta mchoro bora wa jimbo ndipo wote wanawekwa meza moja, na hapo pia mdogo si wa kudharauliwa. Mwaka 2013 aliyeshinda taifa zima alikuwa msichana wa miaka 6 kutoka South Dakota. Ni kweli baba yake ni mchoraji aliyekwisha kushinda stempu ya wakubwa, lakini mkono ulioshika brashi ulikuwa wake.

Watoto wanaosomea nyumbani nao wanaruhusiwa.

Sisi tuna karatasi za ukimbizi, si raia. Tuna haki?

Usimzuie mtoto kuchora kwa hofu ya swali hili. Fomu ina sehemu inayogusa uraia au ukaazi. Isome vizuri, na kama kuna neno linalokutatiza mpigie mratibu wa mashindano wa jimbo lako kabla ya kutuma. Usimuulize jirani, usiniulize hata mimi kwenye kundi la WhatsApp. Kuuliza ni bure, na hawa waratibu wengi ni watu wanaopenda ndege na watoto. Watakujibu kwa upole.

Kiingilio ni kiasi gani?

Hakuna. Ukiombwa hela, si mashindano haya.

Achore ndege gani? Binti yangu anataka heroe.

Heroe hapana, korongo hapana, kuku wa majini hapana. Ni bata, bata bukini na bata maji wa asili ya Amerika Kaskazini tu, na maelekezo yana orodha yao. Bata wa kufugwa hayumo. Bata maji mweupe mwenye mdomo wa rangi ya chungwa na nundu nyeusi usoni, anayeonekana kwenye mabwawa mengi ya bustani, naye hayumo kwa sababu aliletwa kutoka Ulaya. Hapo watoto wengi huteleza, kwa kuwa ni mzuri na ni rahisi kumpiga picha.

Ushauri wangu ni achague ndege anayeweza kumwona. Mallard yuko kila mahali na hakuna ubaya kumchora. Ukitaka ndege wa kusimulia naye nyumbani, mtafute northern pintail, mwenye shingo ndefu na mkia uliochongoka, au northern shoveler, mwenye mdomo mpana kama mwiko ambao anautumia kuchuja chakula majini. Aina hizi mbili zinaishi Amerika Kaskazini, na aina hizo hizo kutoka Ulaya na Asia hushuka Afrika Mashariki wakati wa baridi ya kaskazini. Bibi aliye Naivasha anaweza kutazama ziwani Januari akaona bata wa aina ile ile anayechorwa na mjukuu wake aliye mjini Columbus, Ohio. Mwaka mmoja msichana wa darasa langu alimpigia babu yake simu ya video na kumwonyesha mchoro wa shoveler. Babu akacheka, akasema, "Huyu mwenye mdomo wa kijiko? Tulikuwa tukimwona kwenye mbuga ikifurika." Mtoto hakulala mapema siku hiyo kwa furaha.

Karatasi iwe vipi?

Inchi 9 kwa 12, ilale kwa upana. Isiwe na fremu. Rangi ni hiari yake: penseli, krayoni, wino, rangi za maji, rangi za mafuta, nyeusi na nyeupe tu pia sawa. Picha ya kamera hairuhusiwi.

Mbele ya mchoro pasiwe na maandishi yoyote: jina, saini, herufi za mwanzo, wala "Tunza mazingira". Watoto wetu wamezoezwa shuleni kuandika jina juu ya kila karatasi, kwa hiyo mkumbushe kabla hajaanza. Fomu inabandikwa nyuma, na mtoto mmoja anapeleka mchoro mmoja tu kwa mwaka.

Kitu ambacho hakimo kwenye kanuni: nunua karatasi nzito ya rangi za maji. Karatasi ya printa hujikunja ikilowa na rangi haishiki. Pakiti moja inatosha familia tatu, changeni.

Si atazame tu picha ya mtandaoni aichore? Au programu ya akili mnemba imtengenezee?

Kunakili picha ya mtu mwingine hairuhusiwi, iwe kwa kuweka karatasi juu na kufuatisha au kwa kuitazama. Mchoro uliotengenezwa na kompyuta haukubaliwi, na akili mnemba imo humo humo. Mtoto na mzazi wanatia saini kwenye fomu kwamba kazi ni ya mtoto. Saini hiyo ni ahadi.

Anaruhusiwa kujifunza kwa picha nyingi: hapa aone mguu ulivyo, pale bawa linavyokunjwa, kisha amchore ndege wake mwenyewe kwa mkao wake mwenyewe. Picha alizopiga yeye kwa simu ya mama ndizo bora kuliko zote.

Na wewe mzazi, usishike penseli. Najua mkono unawasha ukiona jicho limekaa vibaya. Mwambie, "Hebu mtazame tena," kisha nenda kapike chai.

Bata wa mwanangu anafanana na kuku. Tufanyeje?

Nendeni mkamtazame bata. Nikiwa na dakika moja tu ya kuzungumza na mzazi, ndilo neno ninalomwambia.

Nilikuwa na mvulana wa miaka 9, mwepesi wa mkono, lakini kila bata wake alisimama kama jogoo: miguu mirefu, kifua mbele. Alikuwa anachora kutoka kichwani, na kichwani mwake mlikuwa na kuku wa bibi yake. Desemba moja tukaenda kwenye bwawa la bustani ya mtaani. Nusu ya maji ilikuwa imeganda, na mallard kama ishirini walikuwa kwenye barafu. Nikamwambia asichore chochote kwa nusu saa, atazame tu.

Baada ya muda akaanza kusema mwenyewe. Kwamba dume amesimama kwa mguu mmoja na mwingine ameuficha kwenye manyoya ya tumbo. Kwamba miguu ni mifupi, ya rangi ya chungwa, na vidole vitatu vya mbele vimeunganishwa kwa ngozi, cha nyuma ni kidogo na kiko peke yake. Kwamba mkiani kuna manyoya meusi yaliyojikunja juu kama ndoana, na kichwa cha kijani kikigeuka kidogo kinakuwa zambarau. Kwamba ncha ya mdomo ina kitu kidogo kigumu kama ukucha. Jike alipojinyoosha bawa akapiga kelele, "Mwalimu, ana bluu!" Ni kile kiraka cha bluu chenye mstari mweupe juu na chini, ambacho hufichika bawa likikunjwa, na dume anacho pia.

Mchoro aliochora wiki ile bado ninao nakala yake. Bata amesimama kwa mguu mmoja juu ya barafu, na ukimtazama unahisi baridi.

Mambo mawili ya kuangalia. Majira ya kiangazi dume wengi hubadili manyoya na kufanana na jike, kwa hiyo picha ya Julai isiwachanganye. Na bata anayeelea huwa na sehemu ya mwili chini ya maji. Watoto humweka juu ya maji kama boti ya karatasi. Mwambie apake maji hadi yafike ubavuni.

Kuna sehemu ya "ujumbe wa uhifadhi". Aandike nini?

Sentensi fupi inayotoka kwake kuhusu kulinda ndege au maji. Inapimwa peke yake. Mwache aseme kwanza kwa Kiswahili, au kwa lugha ya bibi yake, kisha mtafute Kiingereza chake pamoja. Jumbe kavu huja pale mtoto anapojaribu kuzungumza kama bango. Muulize ni kitu gani kilimshangaza bwawani, aanzie hapo.

Tunatuma lini na vipi?

Tarehe ya mwisho hutofautiana kwa kila jimbo na hubadilika, kwa hiyo soma ya mwaka huu na ya jimbo lako. Sisi hujipa wiki mbili za akiba.

Mwaka wangu wa kwanza nilizungusha michoro sita nikaitia kwenye bomba la kadibodi ili nipunguze gharama ya posta. Mmoja ulibonyezwa njiani, ukafika na mstari mweupe uliovunja rangi shingoni mwa bata maji. Mtoto aliyeuchora alikuwa ameufanyia kazi majuma matano. Ilinibidi niende kwao nikamwambie mbele ya wazazi wake. Tangu hapo natuma michoro ikiwa imelala, kati ya kadibodi mbili ngumu, na karatasi laini juu ya kila mmoja. Fanyeni hivyo.

Majaji wanatazama nini, na zawadi ni nini?

Wanatazama kama wazo ni la mtoto mwenyewe, kama mwili wa ndege umechorwa sawasawa, mpangilio wa picha, na kama itasomeka ikipunguzwa kuwa stempu. Jaribuni hili la mwisho nyumbani: uwekeni mchoro upande wa pili wa chumba. Kama hamwoni tena ni ndege gani, mandhari yamezidi. Mshindi wa kwanza wa taifa katika miaka ya karibuni amekuwa akipata dola 1,000. Majimboni kuna utepe na vyeti, na mara nyingi michoro hupelekwa maonyesho.

Hakushinda na analia. Nimwambie nini?

Mwache alie. Baadaye mweke mchoro ukutani, sebuleni wanapokaa wageni, si chumbani kwake. Mwaka ujao mtoeni ule wa zamani muweke mpya pembeni, aone mwenyewe mkono wake ulivyokua. Wapo vijana wangu wanaochora kwa mwaka wa sita sasa bila kuvuka jimbo, na wanawajua bata kwa sauti kabla hawajawaona.

Tuko Kenya au Tanzania. Watoto wetu wanaweza kushiriki?

Haya ni ya wanafunzi wa Marekani. Lakini tarehe 2 Februari ni Siku ya Ardhi Oevu Duniani, na hakuna anayemzuia mwalimu wa Nakuru, Kasese au Kigoma kuwapa watoto karatasi inchi 9 kwa 12 na kanuni hizi hizi. Ziwa Nakuru, Ziwa George na bonde la Malagarasi na Muyovosi yote yamo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Huko heroe, korongo na bata wote waruhusiwe.

Hatuna bwawa karibu. Twende wapi?

Ukiwa Ohio kaskazini, nenda Ottawa National Wildlife Refuge kando ya Ziwa Erie, mabaki ya kile kinamasi nilichokisimulia. Novemba na Machi bata maji weupe hupita kwa makundi, na sauti yao inakufika ukiwa bado umefunga mlango wa gari. Kwingineko, tafuta barabarani kibao chenye bata bukini wa bluu anayeruka. Ndiyo alama ya hifadhi za taifa za wanyamapori, na aliyeibuni ni yule yule Darling aliyechora stempu ya kwanza. Fuateni kibao hicho mapema asubuhi, bebeni glovu, chai ya tangawizi kwenye chupa, na penseli mbili, maana moja itaanguka majini.